Kanda ya Kimali

Jumatatu, 10 Julai
Mwangaluka tano kabla ya chai. Naitikia salamu ya kwanza, zinazofuata natabasamu tu kama mjinga. Mwezi wa pili Bariadi na Kisukuma changu hakijavuka hapo. Kazi ya lugha yote ni ya Kabula: anahoji, anarekodi, anatafsiri. Yeye ni mwaka wa pili, historia. Mimi nasoma shahada ya pili, na msimamizi wetu huko Dar amenikabidhi nimlee kiutafiti mpaka likizo iishe. Ripoti yake naisahihisha mimi na kuituma mimi.

Leo ameondoka kwenda Kimali, nyumbani kwa kina mume wake. Siku nne. Nimemkumbusha sheria zangu: fomu ijazwe yote, na ndugu hawahojiwi. Ndugu hupamba maneno. Amesema sawa, kaka.

Jumatano, 12 Julai
Ghala la chama cha msingi cha ushirika lina kufuli. Ng'ambo ya barabara wanunuzi binafsi wawili, kila mmoja na mizani yake na mtu wa kuita wakulima. Watu wanabeba pamba wanahama mzani huu kwenda ule. Kelele tupu.

Utafiti wetu ni juu ya makarani wa mizani wa enzi za ushirika. Nimewafuata watatu hapa mjini. Wawili walikataa. Wa tatu alijifanya kiziwi, kisha akamwita mjukuu wake kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ijumaa, 14 Julai
Kabula karudi. Kanda moja, kurasa kumi na tisa za tafsiri. Nimezisoma nikasahau chakula. Karani anaeleza walivyolinyanyua gunia kidogo kwa goti ili mzani usome pungufu, wakulima walivyojua na kunyamaza, na mjane aliyelibeba gunia lake akarudi nalo nyumbani. Hajitetei. Ndicho ninachotafuta tangu Mei. Nimeona wivu, niseme ukweli.

Kwenye fomu, nafasi ya jina haina jina. Imeandikwa "Mzee, Kimali." Nimemuuliza anaitwa nani. Ameanza kupanga kurasa upya. Nimeuliza tena.

"Siwezi, kaka."

Siwezi gani hiyo?

Jumamosi, 15 Julai
Nimeisikiliza kanda. Anayeuliza si Kabula. Ni msichana mwingine, sauti nyembamba, anakwama kila swali kama anayesomewa. Kabula hasikiki mwanzo hadi mwisho. Nimerudisha mara tatu.

Nikamuuliza huyu ni nani. Wifi yangu. Na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwepo.

Kwa hiyo wifi ndiye mtafiti. Au hakuna karani, kuna mzee yeyote kakalishwa mbele ya redio akapewa la kusema. Kurasa zenyewe ni nzuri mno. Nina hasira, na hasira yangu naiamini.

Jumatatu, 17 Julai
Nimemwandikia msimamizi. Ukurasa mmoja. Mahojiano ya kughushi, mhojiwa hana jina, aliyehoji si mwanafunzi. Barua imeondoka na basi la alfajiri, mkononi mwa mwalimu anayeunganisha Mwanza hadi Dar. Najua maana yake. Anadisko, anafukuzwa chuo, na hakuna chuo kingine kitakachompokea akiwa na doa hilo.

Kabula sikumwambia. Nimejisikia msafi siku nzima.

Alhamisi, 20 Julai
Kabula yuko Migato. Nilikuwa nacheza kanda ile tena, nikitafuta ushahidi zaidi. Mama Kulwa, mwenye nyumba wangu, anachagua mchele nje ya mlango. Akaanza kucheka.

"Mwalimu, mkwe wa huyu mzee, Kabula wako, si yuko hapo hapo!"

Wapi?

"Nyuma ya ukuta. Mzee anamwambia binti yake, hebu muulize mke wa kaka yako huko nyuma kama amesikia vizuri. Mara mbili kasema. Wewe husikii?"

Nasikia. Sielewi.

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza mapacha wake, Kulwa na Doto. Mwanamke hakai mbele ya baba mkwe wake. Haongei naye uso kwa uso. Jina lake halitamki, na Kabula aliyelelewa vizuri hata kuliandika hataliandika. "Hata umchape, baba."

Basi Kabula aliketi nyuma ya ukuta saa mbili nzima, akimnong'oneza wifi yake maswali dirishani. Akarudi na mahojiano bora kuliko yangu yote. Na asingeweza kunieleza, maana ningemjibu ndugu hawahojiwi. Alivunja sheria zangu mbili ili ashike zake zote.

Kesho naenda posta kupiga simu Dar.

Ijumaa, 21 Julai
Posta. Foleni ya simu mpaka saa sita. Barua imefika jana. Msimamizi ameshaipeleka kwa mkuu wa idara. Akasema niandike nyingine leo leo, nieleze kosa ni la nani.

Nimeandika kurasa nne. Kosa ni langu, mstari wa kwanza.

Jumamosi, 22 Julai
Nimemwambia Kabula. Yote. Akauliza barua ya kwanza ilisema nini hasa. Nikamsomea nakala. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Uliponiuliza nilikuwa wapi, ulikuwa umeshaamua."

Akaingia ndani. Nilitaka anitukane. Hakunipa hata hilo.

Jumatatu, 24 Julai
Hakuna habari. Kabula anatafsiri kanda za Migato, mwandiko ule ule. Salamu ananipa. Silali vizuri.

Jumanne, 1 Agosti
Simu toka Dar. Barua zote mbili zimesomwa. Kabula anaendelea na masomo, na mahojiano ya Kimali yamekubaliwa.

Kulikuwa na barua ya tatu, ya kwake. Ameomba mlezi mwingine. Wamekubali. Kuna dada mmoja wa mwaka wangu anayetafiti wavuvi huko Kalemela. Kabula anamfuata kesho.

Jumatano, 2 Agosti
Ameondoka. Aliniachia orodha ya kanda, zimepangwa kwa vijiji.

Alhamisi, 10 Agosti
Kimali, kwa lori la pamba. Nimempata mzee. Kiswahili anakijua sana, alikuwa karani. Kanipa kigoda na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamwomba anisimulie mambo ya mizani, mimi mwenyewe, kwa ajili ya tasnifu yangu.

Akasema alishamsimulia mkwewe. Haoni sababu ya kusimulia mara mbili.

"Yeye anayo yote. Si mko naye? Muulize."

Nikasema ndiyo, tuko naye.

Akauliza kama masomo yanamwendea vizuri. Nikasema vizuri. Akafurahi, akaniongezea michembe. Nikala. Lori la kurudi lilikuwa saa kumi.