Niangalizie Kwetu

Pumula, Bulawayo
Jumapili, Mei 14, 2023

Mpendwa kaka Mthulisi,

U hali gani, mwana wa mama? Unalala vizuri? Unakula? Kile kifua chako hakikusumbui na baridi ya Johannesburg? Nauliza kana kwamba utanijibu leo.

Sisi hatujambo. Mama anaumwa magoti, lakini mdomo ni mzima kabisa. Jana tu kamfukuza mtu wa bima mpaka barabarani. Mahindi ya nyuma ya nyumba tumevuna, machache, na maji ya bomba bado ni ya kubahatisha.

Mimi nina langu jipya. Tangu mwaka juzi naandika kijarida cha mtandaoni. Kila Ijumaa natuma habari za mtaa wetu kwa barua pepe, zinawafikia waliojiandikisha. Usinicheke, binamu yetu Mphathisi ameshanicheka kwa niaba yako. Mwanzoni niliandika mambo makubwa makubwa, eti namna ya kufanikiwa maishani, mimi ambaye hata kuku wananishinda! Hakuna aliyejibu.

"Wasomaji wenyewe hawajai hata kombi moja ya abiria," Mphathisi akasema, "na wawili kati yao ni wewe!" Akataka ninunue majina ya watu, au niandike habari za wachungaji waliofumaniwa. Nikamwambia aandike yeye, anawajua zaidi.

Basi wiki moja, kwa kukosa la kusema, nikaandika jinsi jirani yetu MaNdlovu alivyopaka geti lake rangi ya waridi, mumewe akarudi kutoka kazini akaipita nyumba yake. Watu wakacheka. Mmoja aitwaye Velaphi, yuko Uingereza, akanijibu: "Dada, hebu niangalizie kwetu, mtaa wa nyuma ya kanisa. Mpera wetu bado upo?"

Nikaenda. Haupo. Mpangaji ameukata, amejenga banda la kuku.

"Mwambie umejaa mapera!" Mphathisi akanishauri. "Nani atajua?"

"Atajua siku akirudi."

"Thabi, nani anarudi siku hizi?"

Lile neno liliniuma, kaka, na unajua kwa nini. Nikaandika nilichokiona: kisiki, na kuku wamelala juu yake. Nikadhani nimempoteza Velaphi. Kumbe alikuwa anawaambia wenzake. Wakaanza kuja mmoja mmoja, wote watoto wa huku walioko mbali. Huyu anataka kujua kama fundi cherehani wa madukani bado anapiga mluzi, yule anataka nipite kaburini kwa bibi yake. Naenda kwa miguu, naangalia, naandika. Bado si wengi, lakini karibu wote nawajua kwa majina, na najua kila mmoja amekumbuka nini.

Kabla sijatuma, namsomea Mama. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza lile lile: "Na Mthuli? Yeye hajaomba aangaliziwe kitu?"

Namwambia bado. Najua hata hujui kwamba naandika. Lakini likiingia jina jipya, moyo unaruka kwanza, ndipo nasoma. Nimekukumbuka, kaka, mpaka Krismasi naichukia, vijana wanaofanya kazi Johannesburg wakishuka nyumbani na mablanketi yao na viatu vya kung'aa. Kama ni mikono mitupu inayokuzuia, mablanketi tunayo, panya wanayatafuna.

Mwezi uliopita akaniandikia msomaji wangu MaDube, mpishi wa kliniki moja huko Tembisa, kando ya Johannesburg. "Mwanangu, umeniangalizia kaburi la mama, na magugu ukang'oa. Wewe huna mtu huku nikuangalizie?"

Nililia. Kisha nikamtajia jina lako, na ile karakana ya matairi ambapo mtoto wa MaNdlovu anaapa alikuona. Barua hii nimempa malayitsha mmoja, hawa wanaobeba mizigo ya huko na huku, amfikishie MaDube, naye akuletee kwa mkono wake.

Shangazi Sibusisiwe anakusalimu sana. MaNdlovu pia, na mumewe, ambaye sasa nyumba anaiona. Mphathisi anasema lile koti uliloacha limeshakuwa lake, ukilitaka uje mwenyewe. Mungu akufunike, na wazee wetu waliolala wasikuache peke yako.

MaDube huyo aliyekupa barua bado amesimama mbele yako, kaka. Usimkimbie. Hakuja kukudai, wala kukurudisha. Inua uso akuone vizuri, maana nimemwomba aniandikie ukweli, kama nilivyomwandikia yeye. Kama umekonda, aandike umekonda. Kama huna kitu, aandike hivyo hivyo. Mama atasomewa Ijumaa.

Mdogo wako asiyechoka kukungoja,
Sithabile