Mchicha wa Kitinda

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Zipokee salamu zangu ukiwa umeketi, maana leo nina mengi. Kwanza nijulishe hali yako. Mgongo unaendeleaje? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwachia au bado baridi ya huko inamsumbua? Watoto nao, waambie shangazi yao anawakumbuka mmoja mmoja.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako ameng'olewa jino, na kwa jinsi alivyolalama ungedhani ameng'olewa mguu. Wapwa zako wanarefuka tu. Suruali zao nimezishusha pindo mpaka hakuna tena pindo la kushusha.

Ila nyumba imepooza tangu tumzike Mama. Bado nateka maji yake ya kuoga asubuhi, kisha nasimama na ndoo mkononi sijui niipeleke wapi.

Mdogo wangu, wifi amenieleza habari zako, na usimkasirikie. Amesema sahani yako inarudi jikoni kama ilivyokwenda, na ukitoka kazini unaketi chumbani peke yako mpaka watoto wanaogopa kukusemesha. Amesema unajilaumu kwa kutokuja kuzika. Vibali vyako vya safari havikutoka kwa wakati, na hilo kila mtu analijua. Hapa hakuna aliyekunyooshea kidole, si mimi wala si watu waliokuja msibani. Lakini najua kuambiwa hivyo hakukushibishi.

Uliniomba gao moja la udongo wa kaburi lake, ujazo wa kiganja tu. Nilikwenda nikauchota, nikautia mfukoni, nikaupeleka posta. Karani alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akasema, "Pole sana, mama. Udongo haupiti. Ungekuwa na mbegu kavu, zingepita ukiandika juu ya bahasha, lakini udongo hapana." Sikumbishia. Niliurudisha palepale nilipoutoa, nikausawazisha kwa kiganja. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, kwa sababu ndilo jambo pekee uliloniomba.

Ndani ya bahasha hii utakuta kikaratasi nilichokikunja mara nyingi. Usikifungue kwanza, na hasa usikifungue penye upepo. Soma mpaka mwisho.

Kuna jambo hukulijua, kwa kuwa Mama mwenyewe alinikataza kukwambia. Shamba lilipopitiwa na barabara mpya na yeye akahamia kwangu, aliacha kula. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa akidonoadonoa, kisha anasogeza sahani. Nikimbembeleza ananijibu, "Sili kitu nisichojua kimetoka udongo gani." Basi. Anageukia dirisha, na dirishani hakuna kitu ila ukuta wa jirani. Daktari alinivuta pembeni akaniambia wazi kwamba tukiendelea hivyo tutampoteza.

Ndipo nikajitia ukulima. Wewe unanijua. Tangu utotoni jembe na mimi hatuivi chungu kimoja. Wenzangu wakipalilia, mimi nilikuwa kivulini nashona nguo za wanasesere. Lakini nikasema, kama anataka udongo, udongo utapanda ngazi umfuate.

Kule karakana ninakoshona maturubai nilikusanya vipande nikashona mifuko ya kupandia. Nilishona kama ninavyoshona turubai la lori la saruji, mshono juu ya mshono, uzi uliopakwa nta, pembe zimekunjwa ndani. Nilijaza mmoja maji nikautundika mbele ya mafundi wenzangu, tone halikuanguka. Walinipigia makofi, nami kichwa kikavimba. Nikaipanga mifuko yangu roshani, nikaijaza udongo, nikamwaga mbegu za mchicha, nikawa nanywesha asubuhi, mchana na jioni.

Ulichipua vizuri, kisha ukageuka manjano. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Roshani ikaanza kunuka mfereji ulioziba. Mama anatazama tu. Mimi naongeza maji.

Siku moja natoka kazini nikamkuta amejiburuta mpaka roshani, ameshika shazia yangu, ile sindano nene ya kushonea maturubai, anaidunga mifuko chini, tobo baada ya tobo. Nikapiga ukelele, "Mama, mishono yangu!" Hata hakugeuka. Akasema, "Mishono yako mizuri sana. Ndiyo inayoua. Mzizi nao unavuta pumzi, mwanangu, wewe umeuzamisha."

Maji meusi yakatoka kama bomba, yakashuka ghorofa ya pili kwenye kamba ya nguo ya mwuguzi anayekaa chini yetu, na siku hiyo alikuwa ameanika sare zake nyeupe. Akapanda ngazi anafoka, kila mlango ukafunguka. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Baba atutoke. Yule mwuguzi akabaki mlangoni na sare yake mkononi. Mama akamwomba radhi, akamwahidi mboga. Kisha akaniuliza jikoni kuna nini cha kula.

Sasa na wewe nakufundisha, kwa sababu najua ni mbumbumbu kama nilivyokuwa mimi. Tafuta ndoo, beseni kuukuu au mkebe, chochote kile bora kisiwe kilichobeba rangi au dawa. Kitoboe chini, matundu kadhaa ya kupitisha kidole kidogo. Hilo usiliache, hata ukisahau mengine yote. Tandika vijiwe juu ya matundu, na ndoo yenyewe uiketishe juu ya matofali ili maji yapate pa kutokea. Na uwafikirie majirani wa chini.

Udongo si lazima uwe mzuri. Wetu mimi niliuzoa nyuma ya jengo linalojengwa, una vipande vya chokaa na misumari. Nilimwonea Mama haya. Yeye aliuchekecha kwa mikono yake, akauchanganya na mchanga kidogo na maganda ya jikoni aliyoyaozesha kwenye debe lenye kifuniko mpaka yakawa meusi na hayanuki tena. Akaniambia udongo wowote ukilishwa unalisha. Maganda mabichi usiyatie, na samadi mbichi pia, vinaunguza mizizi.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizimwaga hivihivi zinaangukia pamoja. Zichanganye na mchanga mkavu kwanza, ndipo uzinyunyize, kisha uzifunike kidogo tu, kama unavyotia chumvi. Nyunyiza maji kwa vidole. Miche ikishatoka usinyweshe kwa mazoea. Zamisha kidole. Kikitoka na udongo umekiganda, achana nayo mpaka kesho. Weka ndoo panapopata jua nusu ya siku, na kama huko bado kuna baridi kali, iweke ndani karibu na dirisha, usiikimbize nje.

Kazi iliyonishinda ni kupunguza. Miche ikibanana lazima baadhi ing'olewe, na mimi sikuweza, kila mmoja nilimwona ana haki yake. Mama aling'oa bila kusita. Ila mche mmoja mwembamba wa pembeni hakuutupa. Alitoboa mkebe wa maziwa ya unga kwa msumari, akaupanda humo peke yake, akauweka kwenye kona inayopata jua la kwanza. Akauita Kitinda.

Ndiyo, jina lako. Kila asubuhi alikuwa akianza na huo. "Kitinda, umeamkaje?" Wapwa zako walimcheka hadi wakachoka, mwisho nao wakawa wanausalimia wakienda shule, "Shikamoo mjomba." Nilimuuliza Mama kwa nini aliutenga. Akasema, "Yuko peke yake, lakini jua ni lilelile."

Mchicha wa ile mifuko tuliuchuma kila ulipofika urefu wa kiganja, tunakata ncha na kuacha shina litoe matawi. Mama alikula. Mara ya kwanza alimaliza sahani akainyoosha aongezwe, nikaenda jikoni nikalia kabla ya kumwongezea. Yule mwuguzi alipata fungu lake akawa rafiki. Lakini mkebe wako haukuguswa. Mwuguzi alijaribu siku moja kukwanyua jani, Mama akampiga kikofi cha mkono. "Huyo hachumwi. Huyo namngoja."

Kifua kilipombana tukampeleka hospitali, na wodi ilikuwa ya yuleyule mwuguzi jirani yetu. Mama alikuwa akimuuliza kila anapoingia zamu, Kitinda amenyweshwa? Mwuguzi naye, akitoka kazini, kabla hajavua viatu, alikuwa akipanda hadi kwangu kuunywesha, akazamisha kidole kama alivyofundishwa, ili akirudi asimdanganye mgonjwa. Mama alituondokea akiwa ameridhika na jibu hilo. Hakuteseka, na hakukutaja kwa uchungu hata mara moja. Nilikuwa nimemshika mkono, nakwambia ninachokijua.

Baada ya mazishi mchicha wa mifuko ulizeeka ukaisha. Mchicha unaochumwa kila mara haupati nafasi ya kuzaa. Wako tu, kwa kuwa haukuchumwa, ulirefuka kunipita kiuno, ukatoa kichwa cha maua, ukainama, ukakauka. Niliukata, nikaupukutisha juu ya shuka jeupe, nikausugua kwa viganja, nikapuliza makapi. Zilizobaki ndizo hizo mbegu kwenye kikaratasi. Zote zimetoka kwenye mche wako, na mkono uliouotesha ni wa Mama.

Kwa hiyo udongo wa huku usiulilie tena. Chota wa huko ulipo, uulishe. Toboa ndoo. Mboga ikikomaa, keti mezani na mkeo na watoto, mle pamoja, nawe umalize sahani. Na mche mmoja usiuchume. Uache uzae, uupukutishe, unitumie mbegu. Kwenye kikaratasi hicho nimezitia zote, kwangu sikubakiza hata punje. Mifuko yangu iko tupu hapa roshani, imeshatobolewa, inakungoja wewe.

Nisalimie sana wifi yangu na umshukuru kwa kunieleza ukweli. Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu kwa pengo lake, wapwa zako wanakuamkia, na mwuguzi wa chini anasema anataka kujua unaendeleaje, maana anaona anakufahamu. Mungu akulinde, akurudishie hamu ya kula na usingizi, na siku atakayopenda atukutanishe mlango huu huu.

Ni mimi nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Dada yako, fundi wa maturubai.