Mstari wa Nasra Umelala

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, mvua bado haijaamua.

Chubwi. Sauti hiyo haijanitoka tangu siku ya mizani, wiki mbili zilizopita. Muuguzi alimtoa mwanangu kwenye mizani ya kuning'inia, akamgeuza kidogo ili anirudishie, na ndani ya tumbo lake maji yakagonga, kama ndoo isiyojaa inapobebwa haraka. Akamtikisa tena, polepole, sikio karibu na kitovu. Chubwi.

"Mama Nasra, huyu umemnywesha nini asubuhi?"

Uji, nikasema. Chupa nzima. Nilisema kwa fahari.

Nasra ana miezi tisa. Alipofikisha miezi sita alikuwa na kilo saba kamili, na hapa Nyamugari, mtaani kwetu Gitega, kila jirani alitaka kumbeba. Siku ile ya mizani, baada ya miezi mitatu ya kula chakula cha watu wazima, au hicho tulichokiita chakula, alikuwa na kilo saba na gramu mia tatu. Mstari kwenye kadi yake, uliokuwa unapanda vizuri, umelala.

Muuguzi hakunitisha. Alimzungushia utepe mkononi ukasomeka kijani, akasema haumwi. Akasema pia kwamba watoto wote hupunguza kasi baada ya nusu mwaka, hilo ni la kawaida. Lakini kupunguza kasi ni kitu kimoja na kusimama ni kingine. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa, akasema, ni maji yaliyotiwa rangi. Uji wa mtoto unakaa kwenye kijiko, haumwagiki. Tia unga wa karanga, tia ndagala, wale dagaa wetu, waliosagwa, ponda maharagwe, weka mafuta kidogo. Na ziwa kwanza, chakula baadaye.

Niliitikia kila neno. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa. Kisha sikufanya hata moja.

Hapo ndipo nisipojielewa.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Wiki ile ile nilikuwa nachora utumbo ubaoni, kule Yoba ninakofundisha, nikiwaeleza wanafunzi jinsi chakula kinavyogeuka kuwa mwili. Na nyumbani kwangu chuchu ya chupa ilikuwa na tundu lililopanuliwa kwa sindano ya cherehani iliyochomwa kwenye mkaa, ili uji upite bila kukwama. Mume wangu Haruna ni fundi, sindano hazikosekani. Mama yake ndiye aliyelipanua. Yeye hukaa na Nasra ninapokuwa kazini.

Nilijaribu kumwambia mama mkwe habari ya kijiko. Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma.

"We mwalimu, kitabu chako kimezaa watoto wangapi? Mi nimekuza saba na uji huu huu. Huyu iko na tumbo kama ngoma, na we unasema hashibi? Hana meno, unataka kumpa maharagwe."

Nikanyamaza. Nikajiambia ni heshima. Sijui kama ilikuwa heshima.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Nasra Muyinga kwa mama yangu. Mama alikulia Tanzania, nami pia nilikulia huko mpaka nilipokuwa na miaka kumi, na tukiwa wawili tunazungumza kama watu wa kule. Alimvua Nasra nguo zote. Akambonyeza mapaja, akamtazama kisogo, akamfunika. Akasubiri dada yangu atoke nje.

"Mwanangu, huyu mtoto kabemendwa."

Neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu utoto. Wanasema baba akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, kisha akarudi akamshika, mtoto hukonda. Hata ale vipi. Mama akaniuliza Haruna analala wapi anapokuja Muyinga kununua vitenge, maana huja kila mwezi na kwake hapiti kulala hata siku moja. Nikamjibu kwamba analala loji.

"Haya," akasema mama.

Ninaijua "haya" yake hiyo. Haijibiwi.

Na mimi najua vizuri kwa nini Haruna halali kwa mama. Mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake. Angelala, mama mwenyewe angekosa pa kuweka uso, na majirani wangesema Haruna hana adabu. Tangu tuoane anafika pale mchana, anasalimia akiwa ameinamisha macho, anakunywa chai, anaondoka. Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imegeuka ushahidi, na mimi niliyeijua sababu nilikaa kimya nikiiacha igeuke.

Mama alinifungia majani ya kumwogeshea mtoto. Niliyapokea.

Niliporudi Gitega, Haruna alitoka mlangoni na kunyoosha mikono, kama kawaida yake. Nikapita pembeni, nikasema mtoto amechoka na safari.

Sikumpa.

Wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Kila mara nilipata sababu: ananyonya, amelala, ana mafua, mikono yako ina vumbi la kitambaa. Nilikuwa naitazama ile mikono. Mikono yenye alama za sindano, inayokata nguo ya mtu mzima bila kuchora mstari. Nikijiuliza imemshika nani.

Asubuhi nikiwa natembea kwenda Yoba nilimwamini muuguzi. Jioni nikimvua Nasra na kuona mbavu zake, nilimwamini mama. Katikati ya siku nilisoma kwenye simu habari za minyoo, upungufu wa damu na magonjwa ambayo sikuweza hata kuyatamka, nikayaamini yote. Alhamisi, mama mkwe alipokwenda sokoni, nilichemsha yale majani nikamwogesha Nasra. Mlango nimeufunga. Mwalimu wa biolojia.

Kuna jambo baya zaidi, na hapa naliandika kwa sababu sina pengine pa kuliandika. Sehemu fulani yangu ilitamani mama awe amesema kweli. Kama ni Haruna, basi si mimi. Ile chupa niliinunua mimi, kwa hamu, wiki niliyorudi kazini. Mimi ndiye niliyefurahia kuikuta tupu kila mchana.

Haruna alijua kwa harufu. Alhamisi ile ile, kabla ya magharibi, aliinama kumbusu mtoto kichwani akiwa mgongoni kwangu, akabaki ameinama.

"Hii ni dawa gani?"

Nikamwambia. Yote, hata "haya" ya mama. Nilitegemea atapiga kelele. Alikwenda kukaa kwenye cherehani, lakini mguu hakuuweka kwenye kanyagio.

"We mwenyewe unaamini?"

"Sijui."

"Nikilala kwa mama yako, sina adabu. Nikilala loji, mi ni muhuni. Niambie basi nilale wapi, barabarani?"

Akaweka mguu kwenye kanyagio, akaanza kushona. Tangu siku hiyo hakunyoosha tena mikono. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimekaa siku tano nikiikwepa mikono ambayo sasa haikuja tena.

Jana, Jumatatu, nilirudi mapema kwa sababu wanafunzi walikuwa na mtihani wa somo jingine. Nilimkuta mama mkwe ameketi kizingitini, Nasra mapajani, chupa ya uji inaelekea kuisha. Akaniambia bila kuficha chochote kwamba humpa chupa nzima kila siku kabla sijafika, ili nimkute ametulia, nami nipate kula chakula changu nikiwa nimepumzika. Alikuwa ananihurumia.

Nilimweka Nasra kifuani. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanalowesha blauzi. Akageuza uso, akasinzia.

Miezi mitatu nimekuwa nikifika mchana na kukataliwa hivyo, nikidhani mtoto amenikinai kwa sababu namwacha. Kumbe alikuwa amejaa maji.

Au pengine ndivyo nilivyotaka kufikiri, ili nisifikirie lile jingine, la Haruna. Bado sijui.

Nikamuuliza mama mkwe, safari hii bila sauti ya darasani, anaogopa nini kwenye kijiko. Akaweka kidole kooni kwake.

"Mi nilizaa nane, si saba. Wa nne kilimkwama hapa. Kiazi. Alikuwa mkubwa kama huyu."

Nimekaa miaka mitatu nyumba moja na mama huyu na sikujua. Haruna, aliyekuwa anashona chumba cha mbele, alizima redio.

Jioni tulipika pamoja, mimi na mama mkwe. Ndizi, maharagwe, unga wa ndagala, mafuta ya mawese. Alivisaga mwenyewe, akavipitisha kwenye chujio mara mbili, akaonja, akavipitisha tena. Kijiko kilipogeuzwa, chakula kilibaki kimeng'ang'ania. Alikitazama kwa mashaka makubwa. Nasra alikula vijiko vinne, cha tano akakitema kifuani kwangu.

Sijui kama mizani ijayo itasema kitu. Sijui kama nimemwamini Haruna au nimechoka tu kutomwamini. Ninapoandika haya nikiwa chumba cha walimu, vyote viwili vinafanana. Mama nitampigia simu, na sijui nitaanzia wapi.

Lakini leo asubuhi nilimnyonyesha Nasra mpaka akaachia mwenyewe. Chupa nikaitia kwenye mkoba wangu, nimekuja nayo kazini, iko hapa miguuni. Nilimwomba Haruna asogeze kiti mbali na cherehani. Akasogeza, hakuuliza. Mama yake akaleta bakuli, akaketi karibu kabisa, macho yake kwenye koo la mjukuu. Nikamweka Nasra mapajani kwa baba yake, nikampa Haruna kijiko, nikachukua madaftari yangu nikaondoka.