Kengele ya Moshi Kabatini

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na sisi tunaendelea. Cherehani haijambo, jirani kapata mjukuu, na paka kazaa tena juu ya vitambaa vya wateja.

Mama anakusalimu. Haandiki mwenyewe kwa sababu mikono yake imefungwa bendeji. Usishtuke, daktari anasema vidole vitakunjuka. Niliacha pasi ya moto juu ya shuka nikaenda kumtazama huyo mjukuu, na soga zikanikolea. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma. Moshi ulipomwamsha, pazia la mlangoni kwake lilikuwa linawaka. Alilivuta kwa mikono.

Unaikumbuka ile kengele ya moshi uliyotuletea, ile inayolia yenyewe ikinusa moshi? Niliiweka kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni, maana niliiona nzuri mno kubandikwa darini. Kila aliyekuja nilimwonyesha. Nilikuwa najidai nayo.

Imepona. Hata nailoni iliyokuja nayo, ambayo sikuwahi kuitoa, haina doa.

Mama kanikataza kukwambia, anasema utakosa usingizi huko. Usitume nyingine. Nieleze tu hii inafungwaje darini.

Mimi dada yako, nisiye na uso wa kukutazama.