Damu ya Mtani

Jumatatu, 8 Machi 1954
Somo la damu tena, darasa la sita, hapa Temeke. Moyo niliouchora ubaoni ulifanana na bibo. Nikaeleza: vyumba vinne. Damu itokayo moyoni ni nyekundu sana, huruka kwa kila pigo. Irudiyo imekoza weusi, hutiririka polepole. Pazi alikuwa juu, anaezeka makuti ya paa. Jirani yangu, Mzaramo, nami Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Akaingiza kichwa tunduni: "Mwalimu, waambie moyo wa Mnyamwezi nao una vyumba vinne, ila hakuna mpangaji." Darasa likavunjika mbavu. Mie pia.

Jumatano, 10 Machi
Mvua. Pazi alikuja uani kwangu kupasua gogo langu apeleke kuni kwake. Hakuomba. Mtani haombi. Shoka likateleza, likamwingia pajani. Damu nyekundu mno, inaruka, inatulia, inaruka. Haya niliyafundisha juzi kama mtu anayesoma bei za sokoni. Leo niliduwaa. Dada yake, Bi Mwajuma, ndiye aliyenizindua: "Mwalimu, kandamiza!" Nikakandamiza kwa shati langu, ndani ya lori la mkaa, mpaka hospitali. Mapigo ya moyo wake yalikuwa viganjani mwangu. Naogopa.

Alhamisi, 11 Machi
Wameushona mshipa. Damu iliyobaki haimtoshi. Tukapimwa: ya dada yake haipatani na yake, yangu inapatana. Bi Mwajuma hakupenda. Damu zikichanganyika mmekuwa ndugu, alisema, na utani ndiyo basi. Nani atakuja kuwachekesha siku ya msiba? Nilitafuta jibu la kisomi. Pazi akafumbua jicho moja.
"Gogo nilichukua bila kuomba. Na hiyo naichukua."
Chupa moja. Nikazimia, mtu mzima na kitambi changu. Muuguzi akaninywesha chai.

Jumamosi, 13 Machi
Kidonda kimeingia uchafu. Mwili wake unachoma. Nimekaa naye mchana kutwa, hakunitania hata mara moja. Hilo limenitisha kuliko homa.

Jumatatu, 15 Machi
Pazi amefariki alfajiri. Tumemzika leo hii.
Mtani ana kazi yake msibani: azuie jeneza, adai deni la uongo, awachekeshe wafiwa. Maneno nilikuwa nimeyaandaa, deni la gogo likiwemo. Nikasimama mlangoni, jeneza likaja. Bi Mwajuma akanishika mkono.
"Keti, kaka. Wewe mfiwa."
Nikaketi mkekani na ndugu zake. Wanyamwezi wenzangu wakaifanya kazi yangu. Wakanitania mimi: mwalimu analia kama kazaliwa Uzaramoni. Mfiwa hana haki ya kumjibu mtani.

Jumanne, 16 Machi
Paa la darasa bado lina tundu. Tumesogeza madawati.
Jioni nimelimaliza lile gogo, vibaya, vipande havilingani. Kuni zote nimepeleka kwa Bi Mwajuma. Hakunishukuru. Kanionyesha tu pa kuziweka, kama mtu wa nyumbani.