Kila Antena na Kasoro Yake

Kansanga, Kampala

Baba yangu, Afande,

Simsim uliyonitumia imefika, majirani nao wameonja ufuta wa nyumbani. Mama anasema unataka nimwombe bosi msamaha, kwa kuwa amri ni amri.

Mnara mpya wa simu una antena nane, na kila moja inapotosha mawimbi kwa namna yake. Bosi alitaka nipime moja tu, marekebisho yake niyanakili kwa zote, mnara uwashwe upesi. Nilikataa, akanifukuza.

Baba, wewe ulikuwa mtu wa redio jeshini. Ni wewe uliyetuambia kwamba rafiki yako Ocira aliuawa kwa sababu ujumbe ulimfikia umeharibika. Leo unanifundisha kunyamaza?

Wakiniita nitarudi, lakini nitabeba kipimo, nipime antena zote nane. Msamaha wa kuomba sina.

Binti yako, mkaidi kama wewe,
Adoch