Gari Haliuzwi, Mutiso

Njiru, Nairobi

Ndugu yangu Mutiso,

Pokea salamu za kaka yako mkubwa. Mimi ni mzima, ingawa mgongo hunikumbusha kila asubuhi kwamba si wa kijana. Je, wewe na shemeji mmeamkaje huko Mwala? Mbaazi zimeshika maua au jua limezimaliza tena? Na goti la Mama limepungua uvimbe? Mwambie asiteremke mtoni peke yake. Najua hatasikia, lakini mwambie.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika nukta. Juzi ulisema kwamba kuharibika kwa pikapu yangu ni sauti ya Mungu inayoniita nyumbani. Kwamba umempata mnunuzi atakayekuja Jumamosi kulivuta gari. Tena kwamba watoto wangu wamekubali. Mlikubaliana wote isipokuwa mwenye gari. Jibu langu ni hapana. Sasa kaa kitako usome sababu.

Nilikuwa mtaa wa Pipeline, nikimhamisha mama mmoja muuza mitumba. Kitanda, makochi na kuku wake wawili walikuwa tayari nyuma ya gari. Nilipokuwa nikigeuza katika uchochoro, mkono wa gia ulilegea ghafla. Nikiusukuma mbele, unakwenda. Nikiuvuta nyuma, unakuja. Nikiulaza kando, unalala, kama mwiko ndani ya uji mwepesi, na gari lenyewe halina habari. Njia ikaziba. Mwenye mkokoteni wa maji akapaza sauti: "Mzee, hiyo si gari tena! Panda sukuma wiki hapo nyuma, angalau ikulishe!"

"Nitapanda," nikamjibu, "na wewe utakuja kununua."

Watu walicheka, lakini walisukuma. Mizigo ya yule mama ilimaliza safari kwa mkokoteni, na gari langu likavutwa kwa kamba hadi Njiru. Jioni hiyohiyo, kabla hata sijanawa mikono, simu yako ikaingia na ile habari ya sauti ya Mungu.

Kesho yake nilikwenda kwa Wanjiru, fundi mwenye karakana kando ya Barabara ya Kangundo. Ni mwanamke wa Murang'a, mkono wake ni mzuri na mdomo wake haupumziki. Aliutikisa mkono wa gia mara moja tu, akasema, "Mzee, giaboksi imeisha. Uza tu."

"Umeifungua?"

"Bado."

"Basi umejuaje kwamba imeisha?"

Akaniangalia, akacheka. "Aki kweli ulikuwa mwalimu. Haya, shika bisibisi."

Nikaishika. Usidhani nilikalia kiti na kutazama. Tulizungusha kirungu cha gia hadi kikatoka, tukaibandua ile ngozi inayolifunika shina lake. Kisha tukaanza kung'oa kile kisanduku cha plastiki kilicho katikati ya viti viwili, ambacho mimi huwekea miwani na kitambaa. Mutiso, aliyekitengeneza kisanduku kile hakutaka kifunguliwe. Skrubu moja imejificha chini ya kisahani cha majivu, nyingine ziko nyuma chini ya zulia, na breki ya mkono sharti ivutwe hadi juu ndipo kipite. Wanjiru alitaka kukivuta kwa nguvu. Nikamwambia plastiki ya umri ule haivutwi, hubembelezwa. Akasema, "Kama mume." Nikarudi kwenye bisibisi yangu.

Kisanduku kilipoinuka, ilitoka harufu iliyotufanya sote turudi nyuma. Wanjiru akainama tena, akanusa.

"Mzee, kwani humu ndani mnapika chapati?"

Chini kulijaa matope meusi ya vumbi na mafuta yaliyochacha. Aliupangusa ute ule kwa gazeti, akafungua nati, akalichomoa shina la gia. Ile bushi ya mpira inayolishika shina kwa chini ilimomonyoka vidoleni mwake kama ugali wa jana. "Mafuta ya kupika hula mpira," akasema. "Nani aliyamwaga hapa?"

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe.

Siku tulipoliombea gari uwanjani pa kanisa, wazee wengine walichovya kidole katika mafuta ya kupikia yaliyoombewa na kugusa boneti, basi. Wewe ulifungua mlango, ukasema mkono wa gia ndio shingo ya gari, na shingo ndiyo huamua kichwa kitazame wapi. Kisha ukaimimina chupa nzima. Watu wakasema amina. Mafuta yakateremka taratibu, yakakaa humo gizani miaka yote hii, yakinywa vumbi la Njiru na kuula mpira. Kwa hiyo kama kuna sauti iliyosema, Mutiso, ilikuwa ya chupa yako. Siidharau sala. Gari hilo limenitoa salama mahali pengi na ninajua ni kwa neema. Lakini usimsingizie Mungu kazi ya mkono wako, halafu uniletee mnunuzi.

Giaboksi ni nzima kabisa. Tulipata mkono mwingine wa gia, uliotumika, pamoja na bushi mpya, tukaufunga. Tulipomaliza, skrubu moja ilibaki mkononi mwa Wanjiru. "Hizi gari huwa na za ziada," akasema, akitaka kuitia mfukoni. Nilimwambia gari halitoki hapa hadi hiyo ipate tundu lake. Alinung'unika kwa Kikikuyu, lakini tuling'oa tena, na tundu likapatikana.

Binti yangu alipiga simu akasema, "Baba, umri umekwenda." Nikamwambia naam, umekwenda, nami ninaufuata nikiwa upande wa dereva. Siku nitakapochoka nitasema mwenyewe, kwa kinywa changu. Sitaletewa kustaafu mara ya pili kwa kamba ya kuvutia gari.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii yote bila kuruka aya zinazokuhusu. Msalimie shemeji kwa uvumilivu wake, shangazi anayetuchungia mbuzi, na mwenyekiti wa kanisa, ambaye siku ile alitumia kidole kimoja tu.

Huyo mnunuzi mpigie simu mapema asije akapoteza nauli. Akija hata hivyo, hatanikuta. Jumamosi nina familia ya kuhamisha kutoka Kaloleni, na wana kabati kubwa.

Kaka yako,
Kyalo